Mwacheni Sarah Jane aulize swali lake

Kwa Mhariri,

Habari ya kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya ukurasa wa burudani, ile iliyosema ati kurudisha wahusika wa kitambo kwa vipindi vya hadithi za sayansi ni njia ya kuuza tu, ati watu wa tivi wakiishiwa na stori wanafukua sura za zamani ndio wazee wakumbuke utoto wao. Na mfano aliotoa mwandishi wenu ni ile episodi ya Doctor Who ambayo Doctor anakutana tena na Sarah Jane Smith. Hapo nikashindwa kunyamaza, juu hiyo episodi naijua vizuri na sio hivyo iko.

Wacha niwaeleze wasomaji ambao hawafuati. Doctor Who ni kipindi cha BBC, kilianza Novemba 23, 1963. Doctor si binadamu, kwao ni sayari inaitwa Gallifrey, na anasafiri ndani ya wakati kwa chombo kinaitwa TARDIS, ambacho ukikiona ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza lakini ukiingia unapata ndani ni kukubwa kuliko nje. Karibu kila mara anatembea na mtu, na mara nyingi huyo mtu ni binadamu wa kawaida. Doctor akikaribia kufa mwili wake unageuka anakuwa mtu mwenye sura mpya, kitu ambacho kiliingizwa mwaka wa 1966 juu William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, afya ilikuwa imezorota na ikabidi ampishe Patrick Troughton. Hiyo ndiyo imefanya kipindi kidumu miaka yote hii. Lakini wale anaosafiri nao hawageuki. Wanazeeka tu kama sisi, na mapema ama baadaye wanashuka.

Sarah Jane, aliyeigizwa na Elisabeth Sladen, aliingia Desemba 1973. Alikuwa mwandishi wa habari mwenye maswali mengi, akasafiri na Doctor wa Jon Pertwee halafu akaendelea na yule wa Tom Baker, mpaka Oktoba 1976. Sasa angalieni venye aliachwa. Doctor aliitwa nyumbani Gallifrey, na binadamu hangeweza kwenda naye huko, basi ghafla tu akamshusha akimwambia wamefika kwao Croydon, kusini mwa London. TARDIS ikaenda, na yeye kuangalia hivi akaona sio mtaa wao. Ilikuja kusemwa miaka 30 baadaye kwamba alikuwa ameshushwa Aberdeen, kule Scotland, na kutoka Aberdeen mpaka London ni mbali kuliko Nairobi na Mombasa.

Hiyo ya kukutana tena ilitoka Aprili 29, 2006, ikaandikwa na Toby Whithouse, na Doctor wakati huo alikuwa David Tennant. Stori yenyewe iko kwa shule. Viumbe wanaitwa Krillitane wameteka shule moja Uingereza, wanakaangia watoto chipsi kwa mafuta yao ambayo yanafanya akili ya mtoto iwe kali kupita kiasi, halafu wanawatumia hao watoto kwa kompyuta kutafuta fomula ya kutawala kila kitu kilichoumbwa. Doctor ameingia kama mwalimu wa fizikia, Rose ambaye anasafiri naye wakati huo amewekwa jikoni kupakulia watoto. Na Sarah Jane amefika palepale kwa kazi yake ya uandishi, anachunguza hiyo shule. Wanasalimiana kwa stafurumu, Doctor anasema anaitwa John Smith, mama anasema aliwahi kuwa na rafiki aliyekuwa akitumia jina hilo, na hamtambui juu sura imebadilika. Ukitazama uso wa Tennant hapo unaona mtu amefurahi mpaka hajui aweke wapi furaha yake.

Halafu ni usiku, Sarah Jane amejipenyeza shuleni, anafungua mlango wa stoo na anapata kile kibanda cha buluu kimesimama mbele yake. Hapigi kelele. Anarudi nyuma polepole, anageuka, na yule mwalimu wa fizikia amesimama pale. Furaha haikai sana. Anamwambia alidhani amekufa, alingoja na hakurudi.

Mimi sikuwahi kumuona Sarah Jane wa miaka ya sabini kabla ya hii. Hii episodi niliitazama mara ya kwanza hapa Umoja na mpwa wangu kwa kompyuta, na yeye hata alikuwa hajui kama hicho kipindi kilikuwepo kabla azaliwe. Kufika hapo kwa stoo akasimamisha video akaniuliza, "Anti, kwani alimwacha hivyo tu bila kumuambia kitu?" Sasa mhariri, mtoto ambaye hana chochote cha kukumbuka, utoto wake hauko hapo, London hajawahi kuona, anakumbushwa nini? Makala yenu ilisema hizi episodi zinategemea kumbukumbu za mtazamaji. Sisi wawili hatukuwa na kumbukumbu yoyote na bado tulikaa hapo tukiwa na hasira kwa niaba ya huyo mama.

Kitu kinachoshika mtu hapo ni lile swali lake. Wako kwa mkahawa fulani usiku, Doctor anakarabati K-9, ile roboti ya mbwa ambayo Sarah Jane amekuwa akiibeba kwa buti ya gari ikiwa imekufa na kushika kutu, na yeye anamuuliza kama kuna kosa alifanya ndio hakumrudia. Nikaona hivi, mtu ametembea sayari sijui ngapi, amepambana na majini ya kila aina, na miaka 30 amekuwa akijiuliza kama ni yeye alikosea. Doctor anajaribu kusema alikuwa na maisha yake ya kuendelea nayo, na jibu la Sarah Jane ni kwamba hayo maisha yalikuwa yeye Doctor. Kwa hadithi nyingi za safari na vita shujaa huwa haulizwi hivyo, anapigiwa makofi anaondoka na mwenzake mpya.

Na sisi Nairobi hilo swali tunalijua. Kwa ploti yetu kuna mama alirudi kutoka Ghuba baada ya miaka mingi ya kazi za nyumbani, watu wakaenda kumpokea airport, chapati zikapikwa, nyumba ikajaa majirani. Wakati watu wanapigana picha kifungua mimba wake alikuwa amesimama mlangoni, hakuja kwa picha, akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona uliacha kupiga simu?" Mama wa watu akaketi chini. Walikuja kuongea baadaye, usiku, watu wakishaenda, na sijui waliongea nini juu hayo ni yao. Lakini furaha ya siku hiyo ingekuwa ya uwongo kama huyo kijana angenyamaza akaja tu akasimama kwa picha.

Hiyo ndio nataka waandishi wa drama zetu hapa wasikie pia. Mhusika anapotea, pengine mwigizaji amepata kazi kwingine, hatuambiwi kitu, msimu unaisha, mwingine unaanza, halafu siku moja anaingia sebuleni na sutikesi na kila mtu anamkumbatia kana kwamba alikuwa ameenda dukani kununua maziwa. Hakuna mtu anauliza. Yule dada aliyebaki akilea watoto haulizi, mpenzi haulizi. Kama hamna pesa za viumbe wenye mabawa ni sawa, hiyo episodi ingebaki imara hata ukitoa wale Krillitane wote, lakini swali haligharimu kitu, ni watu wawili na meza.

Kitu kingine makala iliruka ni mwisho. Mkuu wa shule, Finch, ambaye ndiye kiongozi wa hao viumbe, anamshawishi Doctor ajiunge nao, ati akipata hiyo fomula atarudisha watu wake wote waliokufa vitani, na Doctor anayumba, unaona kabisa anayumba. Anayemrudisha ni Sarah Jane, yule aliyeachwa, akimwambia kila kitu kina wakati wake wa kwisha. Halafu kibanda kikiwa tayari kuondoka Doctor anamuomba apande waende tena na anakataa. Anachotaka ni aagwe vizuri, kwa mdomo, kitu ambacho 1976 hakupewa. Mtu anayetaka tu kuuza kumbukumbu angempandisha kwa hiyo TARDIS wapae, watazamaji walie. Hawa walimwacha atembee arudi zake na roboti mpya ya mbwa aliyoachiwa na Doctor kando.

Kwa hivyo ombi langu ni mwandishi wenu airudie yote, asiishie kwa ile sehemu ya kusalimiana. Na mkipata nafasi ukurasani andikeni kidogo kuhusu Elisabeth Sladen mwenyewe, juu baada ya hapo alipewa kipindi chake cha watoto kilichoanza Januari 1, 2007, akakifanya mpaka saratani ikamchukua Aprili 19, 2011, na zile episodi za mwisho alizokuwa ameshamaliza zilioneshwa baadaye mwaka huohuo. Kuna watoto, mpwa wangu akiwa mmoja wao, ambao Sarah Jane wanayemjua ni huyo mama mtu mzima anayeendesha mambo yake mwenyewe, na hawajawahi kumuona enzi zile za sabini akisafiri na Doctor.

Ni mimi msomaji wenu,
Umoja, Nairobi