Nina shahada ya historia, moyo uko kwenye fizikia

Ndugu mshauri, salaam.

Nina miaka 28 na shahada ya kwanza ya historia. Sikulazimishwa kuisoma, na naipenda hadi leo. Ila huu mwaka wa pili jioni zangu zote ni za fizikia.

Ilianza nikisoma historia ya upimaji wa muda, nikafika kwenye saa ya pendulamu aliyoibuni Christiaan Huygens mwaka 1656. Nikataka kuona kwa macho yangu. Nilifunga nati kwenye uzi wa mita moja, nikaibembeza, nikahesabu: kwenda na kurudi mara 20, sekunde 40. Nikafupisha uzi hadi sentimita 25. Sekunde 20. Urefu umebaki robo, muda umebaki nusu! Miezi kadhaa baadaye niliweza kuupata uhusiano huo mwenyewe kwa kalamu, nikianzia kwenye sheria za Newton. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo nimerudia hisabati ya sekondari, nikaingia kwenye kalkulasi na vekta. Mazoezi nayafanya yote, siruki. Lakini naenda polepole. Swali moja linaweza kunimalizia jioni tatu.

Niliandikia idara moja ya fizikia kuuliza kuhusu shahada ya uzamili. Walinijibu kwa upole kwamba wanataka mtu aliyesoma mekanika, sumakuumeme, fizikia ya kwanta na kazi za maabara. Sina hata moja. Kwa hiyo, ama nianze upya mwaka wa kwanza pamoja na vijana wa miaka 19, ama nisome kozi hizo mojamoja huku nikiendelea na kazi, kisha niombe tena.

Marafiki wananitajia Louis de Broglie, aliyepata shahada ya historia mwaka 1910 na Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1929, na Edward Witten, aliyehitimu historia mwaka 1971 na kupata udaktari wa fizikia mwaka 1976. Mifano hiyo hainitulizi. De Broglie alikuwa na kaka mwanafizikia mwenye maabara yake. Baba yake Witten alikuwa mwanafizikia. Mimi nikikwama sina wa kumuuliza.

Kaka yangu ananiambia mshika mbili moja humponyoka. Mwenzangu ananiunga mkono, lakini tuna mtoto mdogo, na mshahara wangu ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Naomba ushauri, hasa kwa waliosoma fizikia yenyewe. Je, kozi za mojamoja zinamjenga mtu kweli, au zinamwachia mapengo yatakayomuumbua mbele? Na huu upolepole wangu ni wa kawaida kwa anayeanza, au ni dalili nisiyotaka kuiona? Maombi ya mwaka wa kwanza yanafungwa baada ya wiki sita, na fomu bado iko mezani.

Wako,
Msomaji wa historia