Kaka, tatizo sio mikono

Kaka, habari za siku nyingi, natumai nyumbani wote wazima. Nakuandikia kwa sababu ya ile simu ya juzi, nilivyosikia honi nikajua unaendesha nikasema tukate tutaongea baadae, we ukasema hamna shida nimeweka spika, mikono yote iko kwenye usukani. Hilo neno limenikaa kichwani mpaka leo.

Sikia, mikono sio tatizo, tatizo akili. Mtu anaweza kuwa anaangalia mbele kabisa, macho makavu, na mtu anavuka pale asimuone, maana ubongo uko bize na stori za kwenye simu. Ndo maana dereva akigonga pikipiki anakwambia sikuiona, na wengi hawadanganyi, aliangalia upande ule ule na kweli hakuiona. Afu abiria wa pembeni ni tofauti, lori likifunga breki mbele ananyamaza mwenyewe au anakupigia kelele, ila mimi wa kwenye simu naendelea tu kuongea, barabara yako siioni.

Meseji ndo balaa kabisa. Piga hesabu, spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, ukiinama sekunde 5 kusoma "uko wapi" umeshaenda mita 110, uwanja mzima wa mpira umeuvuka hujaona kitu!! Wamarekani walifunga kamera kwenye magari 100 wakafatilia madereva kama mwaka hivi, ripoti ikatoka 2006, karibu asilimia 80 ya ajali zilizotokea dereva alikuwa amepoteza umakini ndani ya sekunde 3 kabla. Na hapo wamehesabu pia usingizi na kule kugeuka kuangalia vitu vya pembeni, sio simu peke yake.

Kwa hiyo nakuomba kaka, kabla hujawasha gari simu iwe sailenti na uitupie kiti cha nyuma, sio kwenye mapaja. Usingizi ukija paki mahali salama ulale hata robo saa, kufungua dirisha na kuongeza redio unajidanganya tu. Mimi nikikupigia usipopokea sinuni, nitajua uko njiani, na shemeji nitamwambia hivyo hivyo. Wasalimie watoto.