Nimwambieje mama mkwe aache kunikanda mguu?

Jambo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Nimeolewa, na tunaishi Kadutu, kule juu kwenye mteremko, pamoja na mama wa mume wangu. Nakuandikia kwa ajili ya kifundo cha mguu, lakini zaidi kwa ajili ya huyo mama, ambaye nampenda na sitaki kumvunja moyo.

Tulipanda mlima Kahuzi na walimu wenzangu, tukiongozwa na watu wa hifadhi kutoka Tshivanga. Kilele kiko mita 3,308, na kupanda kulitutoa jasho tu. Taabu ilikuja tukishuka, ndani ya mianzi, udongo umelowa mvua na unateleza. Mguu wa kulia ukapindukia ndani, maumivu yakanishika upande wa nje. Kiongozi akanipa fimbo yake, nikashuka polepole hadi kwenye gari.

Muuguzi wa kituo cha afya alinipima bila haraka. Alibonyeza mifupa ya kifundo pande zote mbili, akabonyeza na ubavu wa wayo, kisha akaniomba nitembee hatua nne mbele yake. Nilizitembea kwa maumivu, lakini pale alipobonyeza mfupa wenyewe haukuuma. Akasema kwa dalili hizo haelekei kuwa mfupa umevunjika, picha ya radio, yaani eksirei, si lazima. Zilizovutika ni kano za upande wa nje. Nifunge bande, niweke kitu cha baridi, niinue mguu nikilala. Siku za mwanzo nisiukande kwa nguvu wala kuutia maji ya moto, maana damu itazidi kujaa pale na uvimbe utaongezeka. Baadaye nianze kuukanyagia kidogo kidogo.

Sasa kila jioni mama anachemsha maji, anapasha mawese, ananikanda kwa vidole gumba hadi machozi yananitoka. Anasema damu mbaya imeganda, lazima isukumwe. Naomba usimwite mjinga. Mikono hiyo ndiyo iliyonitunza nilipojifungua, na majirani wanamletea watoto wao walioteguka. Lakini asubuhi kifundo kimejaa tena, kina rangi ya zambarau, kiatu hakiingii. Na Bukavu, mama, utaukwepaje mlima? Pikipiki haifiki mlangoni kwetu. Hadi barabarani ni ngazi za udongo na mawe, na kushuka kunaniuma kuliko kupanda. Darasani nafundisha nimekaa, mguu juu ya kiti. Watoto wamezoea, mkurugenzi bado.

Mume wangu anasema nivumilie, kwa sababu mama akikataliwa ataona nimemkataa yeye mwenyewe. Ninajua kwetu mkamwana haondoi mguu mbele ya mama mkwe. Usiku mmoja nilisema nimechoka, nataka kulala. Alfajiri nikamkuta ameshachemsha maji, ananisubiri.

Nimefikiria kumwomba muuguzi aje nyumbani amweleze yeye, kwa kuwa mama anawaheshimu sana watu wa dawa. Naogopa ataona nimemshitaki kwa mgeni. Au nimpe kazi nyingine kwenye mguu huohuo: anifunge bande, aniloweshee kitambaa kwa maji baridi, anishike mkono nikijaribu yale mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja niliyoonyeshwa? Njia hii naipenda zaidi, ila sijui nianze na maneno gani ili asisikie kwamba namfukuza. Niseme mwenyewe, au ni mume wangu anayepaswa kusema na mama yake?

Na la mwisho: uvimbe ukiendelea hivi, nidai picha ya radio? Pesa tuliyo nayo ni ya minervali, yaani ada ya shule ya mtoto, na sitaki kuigusa kwa woga tu. Wala sitaki kubaki na mguu usioniruhusu kushuka ngazi hizi.

Mwalimu wa Kadutu