Makundi ya roboti: tuanze na hesabu ya betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Habari za makundi ya roboti zinazojiendesha zimekuwa nyingi, na karibu zote husifu idadi: roboti mia, roboti elfu. Wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichomo kwenye betri, hazitajwi. Bila namba hiyo msomaji hana namna ya kujua kama kundi linalosifiwa litafanya kazi kutwa nzima au litazimika kabla ya saa mbili.

Chukua roboti ya magurudumu yenye uzito wa kilo 2, inayokwenda nusu mita kwa sekunde kwenye sakafu tambarare. Hata ukikubali kwamba nusu ya umeme inapotea kwenye mota na gia, kutembea kunakula takriban wati 0.6 tu. Sasa ipachike kompyuta ndogo ya kuchambua picha za kamera na wifi isiyolala: wati 8. Betri ni seli mbili za lithiamu, kila moja ya volti 3.6 na ampea-saa 2.5, jumla wati-saa 18. Ukitumia asilimia 80 ili seli zisichakae mapema, una 14.4. Gawanya kwa 8.6 upate saa 1 na dakika 40. Ukiondoa kompyuta hiyo na kuweka prosesa ndogo na vihisi vya umbali vinavyokula wati 1.5 kwa pamoja, roboti ileile inakaribia saa 7, na magurudumu hujayagusa.

Wengi hukosea hapa. Mota ndizo zinazopiga kelele, basi hudhaniwa ndizo zinazomaliza chaji, na roboti inapunguziwa mwendo ili betri idumu. Kwa roboti hii matokeo ni kinyume. Kila mita inahitaji kama jouli 1.2 (wati moja kwa sekunde moja ni jouli moja) za kusukuma magurudumu, iwe mbio au polepole. Kompyuta nayo inakula jouli 8 kila sekunde, roboti isogee isisogee. Kwa nusu mita kwa sekunde, hizo ni jouli 16 kwa kila mita. Shusha mwendo hadi robo mita, zinakuwa 32. Betri inadumu karibu muda uleule, lakini kazi iliyofanyika ni kama nusu.

Kwa droni mambo hugeuka. Crazyflie 2.1, droni ya gramu 27 inayotumika sana maabara, ina betri ya miliampea-saa 250 na huruka kama dakika 7. Hiyo ni wastani wa wati 8 hivi, na karibu zote zinamezwa na rafadha. Huko kinachoumiza ni uzito wa prosesa kuliko ulaji wake.

Idadi ina gharama yake. Kila roboti ikitaka kumtumia kila mwenzake ujumbe, roboti 10 zinahitaji jumbe 90 kwa duru moja, roboti 100 zinahitaji 9,900, na roboti 1,000 zinahitaji 999,000. Hewa ni moja, jumbe zinagongana, zinatumwa upya, na kila kurudia ni chaji. Ndiyo maana Kilobot, roboti ndogo za Chuo Kikuu cha Harvard, zilizofika 1,024 mwaka 2014, huzungumza na jirani tu, kwa mwanga wa infraredi usiovuka sentimita 7 hivi. Prosesa yake ni ya megahetzi 8 na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Zilifanikiwa kujipanga katika maumbo, lakini umbo moja lilichukua takriban saa 12. Uwezo mdogo wa hesabu ulilipiwa kwa muda.

Katika redio, kinachosahaulika ni kusikiliza. Chipu ya ESP32, yenye redio ya wifi ndani yake, huvuta hadi miliampea 240 inapotuma kwa wifi, na kama 100 inaposikiliza. Kutuma ni milisekunde chache. Kusikiliza kunaweza kuwa kutwa nzima. Dawa ni roboti zote kuamka pamoja, tuseme milisekunde 20 katika kila sekunde, kisha redio zilale. Lakini saa za kielektroniki hazilingani. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa, huzitenganisha kwa milisekunde 2.4 kila dakika. Baada ya dakika 8 na ushei haziamki pamoja tena, na fundi ataanza kulaumu antena. Saa zilinganishwe kila dakika.

Kuna pia hitilafu inayotokea betri ikiwa bado nusu. Roboti mbili zenye betri ya seli moja zinagongana, magurudumu yanakwama, na mota mbili za kila roboti zinavuta ampea 3 kwa pamoja. Upinzani wa seli iliyochakaa, nyaya na plagi ukiwa omu 0.25, volti 0.75 zinapotea papo hapo, volti 3.5 za seli zinabaki 2.75, prosesa inajizima na kuwaka upya bila kujua ilipo. Majirani walioitegemea nao wanapotea. Wengi hukimbilia kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi, ya maikrofaradi 1,000. Kwa prosesa inayovuta miliampea 300, kapasita hiyo inashuka volti 0.3 ndani ya milisekunde 1, wakati gurudumu hukwama kwa mamia ya milisekunde. Linalofaa ni kuwekea mota kikomo cha ampea, na kumpa prosesa kidhibiti kinachoweza kupandisha volti, si kushusha tu.

Mwisho ni foleni ya chaji. Roboti 60 za aina ya ile ya kwanza, zikifanya kazi dakika 100 na kuchaji dakika 80, zinahitaji vituo 27. Lakini zikianza asubuhi zote zimejaa, zitarudi zote kwa pamoja: 27 zinaingia, 33 zinasubiri angalau dakika 80. Kwa wati 8, kusubiri dakika hizo 80 ni wati-saa 10.7 kati ya 14.4. Safari ya mita 100 kurudi kituoni inakula chini ya nusu wati-saa. Kwa hiyo akiba ya kurudi ipimwe kwa urefu wa foleni kuliko umbali, roboti iliyo foleni izime kamera na kompyuta na kuacha kihisi kimoja cha kuiamsha, na siku ya kwanza ziachiwe kwa zamu, si kwa mkupuo.

Ninaliomba gazeti lako, kila linapoandika kuhusu kundi jipya la roboti, liwaulize watengenezaji mambo matatu na kuchapisha majibu: betri ina wati-saa ngapi, roboti inakula wati ngapi ikiwa imesimama, na kundi lina vituo vingapi vya chaji.

Wako,
Mhandisi wa roboti