Makumbi ni ya bure, kuyaosha si bure

Ijumaa iliyopita baada ya sala, mzee mmoja wa Shela, hii ya hapa Malindi, alikuja kitaluni na ndoo ya miche ya hoho iliyokufa. "Mwanangu, umeniuzia miche mibovu." Hata salamu yangu hakuiitikia sawasawa. Ni lalamiko la tatu la aina hiyo tangu kaskazi ianze, basi nalijibu hapa.

Miche ilitoka kwangu mizima. Nilimuuliza ameipanda kwenye nini. Vifuko vya vumbi la makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. La wapi? La jirani yake asukaye kamba. Hapo nikajua. Nikachota vumbi lililoshika mizizi, nikalikamua kiganjani, nikaonja tone moja. Chumvi tupu! Makumbi ya kamba hufukiwa pwani miezi kadhaa yaoze ndipo yapondwe, na muda wote huo yanakunywa bahari. Mwenyewe akakiri kwamba juu ya vifuko palikuwa na ukoko mweupe, akadhani ni ukungu.

Mtu akiona majani yamekauka kingoni kama karatasi iliyoungua, husema mche una kiu. Kiu ipo kweli. Maji yamo, ila chumvi imeyashikilia, mizizi haiwezi kuyavuta. Basi anaongeza maji, tena ya kisima! Visima vya karibu na bahari mnavijua, hata chai yake hainyweki. Shamba la nje lina nafuu, masika ikipiga chumvi inateremka chini. Ndani ya grinihausi mvua haiingii. Kila keni unayomwaga, maji yanapaa na joto, chumvi inabaki palepale.

Sasa bei. Naambiwa kila siku: makumbi Malindi ni takataka, vipi gunia uliuze shilingi 600? Jamani, siuzi makumbi, nauza maji. Makumbi yoyote, hata ambayo hayajagusa bahari, yana chumvi yake. Nayaloweka kwa maji ya bomba, nayakoroga, nayachuja, mara nne au tano, mpaka maji yanayotoka yaache wekundu wa chai kavu. Halafu yanalala usiku kucha kwenye maji ya kalsiamu naitreti, ile mbolea, ili sodiamu, yaani ile ya chumvi, iliyong'ang'ania ing'oke, ndipo nayasuuza mara ya mwisho. Siku bomba likikauka nanunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Mteja haoni hayo, anaona gunia.

Mama mmoja wa Mambrui aliwahi kunicheka, akayaosha mwenyewe kwa maji ya kisima. Spinachi ilimkubalia, maana ile ni sugu kwa chumvi. Maharagwe hayakufikisha majani manne. Alirudia mbegu mara mbili kabla hajaja kwangu, na pesa ya mbegu hizo ingetosha magunia ya msimu mzima.

Kabla hujapanda, niletee maji yako kwenye chupa ya soda. Kipimo cha chumvi ninacho, na kupima sitozi kitu.

Mzee wa Shela sikumrudishia pesa, wala punguzo sikumpa. Alinuna kidogo, akachukua miche 60 na magunia mawili. Tangi la kukinga maji ya paa, anasema, litakuwa tayari kabla ya masika. Kwa sasa anamwagilia ya bomba.