Tusimsimulie Daktari Arthur nusu nusu

Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu wamisionari wa Kiskoti walioanzisha hospitali ya Kikuyu niliisoma kwa furaha, kwani nilizaliwa na kukulia karibu na Thogoto, na kazi ya ukunga niliifanya kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Hata hivyo, mwandishi wenu alimwita Daktari John William Arthur mkombozi wa wanawake wa Kikuyu, kisha mwaka wa 1929, wa mgogoro wa tohara ya wanawake, akaupitia kwa sentensi moja tu. Naomba nafasi ya kueleza kwa nini sentensi hiyo haitoshi.

Mema ya daktari huyu hayana ubishi. Alizaliwa Glasgow mwaka wa 1881, akasomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo, akawasili Kikuyu tarehe 1 Januari 1907. Misheni ilikuwa imehamia huku mwaka wa 1898 kutoka Kibwezi, ambako malaria iliwasumbua mno, na wazee wetu walilitamka jina la Waskoti kwa ulimi wao hadi likawa Thogoto. Daktari Henry Scott alipofariki mwaka wa 1911, Arthur alikabidhiwa misheni nzima, na tangu hapo akawa tabibu, mchungaji, mwalimu na msemaji wa watu kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1917, serikali ilipokuwa ikikamata vijana kwa nguvu kubeba mizigo ya vita, aliwakusanya vijana wa misheni katika kikosi chao wenyewe na kufuatana nao hadi katika koloni la Wajerumani, ili wasipotelee mikononi mwa maafisa wasiowajali. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma kuanzishwa kwa shule ya Alliance mwaka wa 1926. Katika Baraza la Kutunga Sheria aliteuliwa mwaka wa 1924 kutetea maslahi ya Waafrika, kwa sababu hakuna Mwafrika aliyeruhusiwa kuketi humo. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944, naye alikuwa mwanafunzi wa Alliance hiyo hiyo.

Kuhusu tohara ya wanawake, kama daktari, Arthur alisema kweli, na mimi ni shahidi. Nikiwa mkunga kijana nilimpokea usiku msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshuka, tulikiona, lakini kovu lililomzunguka lilikuwa gumu kama ukanda wa ngozi na halikutanuka hata kidogo. Tulipomwongezea njia kwa mkasi, kovu lilichanika upande wa pili pia, na damu ikatoka kwa wingi kiasi kwamba daktari wa zamu alishona huku mimi nikiwa nimebana kwa kiganja. Mama na mtoto walipona. Wapo ambao hawakupona, na sura zao sijazisahau. Arthur na wenzake wa hospitali za misheni za Tumutumu na Chogoria waliyaona hayo hayo katika wodi zao, wala hawakuyasema kwa chuki.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Mwaka wa 1929 misheni iliwataka waumini na walimu wake waahidi kuikana tohara ya wasichana, na mwishoni mwa mwaka huo Arthur akaunganisha ahadi hiyo na jambo lisilohusiana kabisa na afya, yaani kukikana pia chama cha kisiasa cha Wakikuyu, Kikuyu Central Association. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba, ambayo kwa Kikuyu huitwa kirore, na walimu waliokataa walipoteza kazi. Hebu fikiria, Mhariri, mkulima wa Kiambu ambaye ardhi ya jirani yake ilikuwa imeshakwenda kwa walowezi, anaambiwa na Mzungu abonyeze kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Uvumi kwamba karatasi hizo zilikuwa za kuchukua mashamba ulienea upesi, na sioni ajabu kwamba uliaminika.

Nyanya yangu alikuwa msichana wakati huo, na alibonyeza. Katika uzee wake alikuwa akituonyesha kidole chenyewe, akikisugua kwa kidole cha shahada kana kwamba wino haujatoka, na kusema kwamba hakuwahi kujutia kuwaepusha binti zake na kisu. Lakini kaka yake mkubwa alikataa, akahamia upande wa karing'a, yaani waliojitenga na misheni, na ndugu hao wawili wa tumbo moja hawakula pamoja tena hadi mama yao alipozikwa. Nyanya hakumlaumu kaka yake. Alikuwa akisema kwamba hakupigania kisu, alipigania kuulizwa.

Nadhani mwanamke huyo, ambaye hakuwahi kuketi darasani, aliielewa historia hii kuliko wengi wetu. Waumini waliondoka kwa makundi, muthirigu, wimbo wa kuwakejeli wamisionari, ukaimbwa kila kijiji hadi serikali ilipoupiga marufuku Januari 1930, na shule za kujitegemea zikaanza kujengwa kwa michango ya watu wenyewe. Shule hizo zilileta baraka ambayo Arthur hakuikusudia. Kwa upande mwingine, tohara ya wasichana, ambayo baadhi ya Wakristo wa Kikuyu walikuwa wameanza kuiacha wenyewe polepole, ikageuka bendera ya uzalendo, na wasichana wakaibeba bendera hiyo miilini mwao kwa miaka mingi baadaye. Meru kulitokea hivyo hivyo mwaka wa 1956, pale Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ilipoipiga marufuku: wasichana walichukua nyembe na kukeketana wenyewe kwa wenyewe.

Siandiki haya kuitetea desturi hiyo. Sheria yetu ya mwaka wa 2011 inayopiga marufuku ukeketaji naiunga mkono, na nilifurahi Mahakama Kuu ilipoikataa kesi ya kuipinga mwaka wa 2021. Lakini nimehudhuria mikutano mingi ya kampeni ambako wageni hushuka kwenye magari, husoma adhabu, hupitisha karatasi za kutia saini, hupigwa picha na kuondoka kabla ya chai kupoa, na kila mara nilikumbuka kidole cha nyanya. Linganisheni na wanawake wa Tharaka, ambao mwaka wa 1996 walianza Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno: msichana anakaa ndani na mlezi wake, anafundishwa utu uzima, kisha anatoka mbele ya ukoo akipokewa kwa zawadi na ngoma, bila kuguswa na wembe. Hapo mama, shangazi na nyanya waliulizwa kwanza, na jibu likatoka kwao.

Ombi langu ni kwamba mtakaporudia habari ya Daktari Arthur, ambaye alifanya kazi huku hadi mwaka wa 1937, mtume mwandishi Thogoto, Githunguri na Tumutumu akazungumze na wana na wajukuu wa waliobonyeza kidole na wa waliokataa. Wazee hao wamebaki wachache, na wengi wao hukaa uani asubuhi wakiota jua.

Mkunga mstaafu,
Kikuyu, Kiambu