Mgao uandikwe kabla hamjatoka studio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wanamuziki chipukizi, na zaidi maprodyuza wao, kuhusu fedha za nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni. Kilio cha kila siku ni kwamba majukwaa yanalipa senti. Ni kweli. Lakini hata hizo senti huanza kuvuja studio, siku ileile wimbo unaporekodiwa.

Tuanze na hesabu. Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki lililofika Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, haina bei maalumu kwa kila wimbo unaposikilizwa. Ada za wateja na fedha za matangazo hukusanywa nchi kwa nchi, kampuni hubakiza chake, na takribani theluthi mbili hugawiwa wenye haki kulingana na fungu la kila mmoja katika usikilizwaji wote wa mwezi. Mteja wa Dar es Salaam hulipa ada ndogo kuliko wa London, na wengi wetu tunasikiliza bure na kuvumilia matangazo. Ndiyo maana wimbo uleule, ukisikilizwa mara elfu huku na mara elfu kule, hauleti fedha sawa. Wimbo ukizimwa kabla ya sekunde 30 hauhesabiwi. Na tangu 2024, wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12 hauingii kabisa kwenye mgao wa rekodi.

Sasa chukua mfano, namba ni za kukadiria tu. Wimbo umeingiza Sh400,000. Msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopandisha wimbo kwenye majukwaa, akikata asilimia 15, zinabaki Sh340,000. Prodyuza mlikubaliana nusu kwa nusu, zimebaki Sh170,000. Mgeni wa kolabo naye anataka nusu ya kilichobaki: mwenye wimbo anaondoka na Sh85,000. Hapo hakuna aliyemwibia mwenzake. Ugomvi huja pale ambapo hakuna aliyeandika, wimbo ukapendwa, na kila mmoja akakumbuka makubaliano yake.

Jambo ambalo wasanii wengi hawaelezwi ni kwamba wimbo mmoja una mali mbili. Ipo rekodi, yaani sauti iliyo kwenye faili, na upo utunzi, yaani mashairi na melodi. Msambazaji anayekupandishia wimbo Boomplay, Spotify au Apple Music anakuletea fedha za rekodi peke yake. Za utunzi hupita njia nyingine, kwenye kampuni za kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, na zinamfikia mtunzi aliyejiandikisha na kuorodhesha nyimbo zake. Hapa nyumbani kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwa Zanzibar ni COSOZA. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni kitu kingine na hakikufanyi mmiliki wa wimbo. Kwa wasikilizaji walioko Marekani, mirabaha ya utunzi ya aina ya “mechanical”, yaani ya kunakili wimbo, kutoka kwenye majukwaa hukusanywa tangu Januari 2021 na The MLC, shirika la huko la kukusanya mirabaha. Mtunzi wa Temeke anaweza kujiunga mwenyewe, bure, maadamu hajakabidhi haki hizo kwa kampuni nyingine. Asipojiunga, fedha yake hukaa huko haina mwenyewe. Wenzetu Kenya waliandika kwenye sheria mwaka 2022 kwamba mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu, ile nyimbo anayoisikia mpigaji akisubiri kupokelewa. Ni hatua nzuri sana, ila nayo inamsaidia yule ambaye jina lake limeandikwa mahali.

Karatasi ya mgao ninayoipigania ni ya ukurasa mmoja. Juu: jina la wimbo na tarehe. Chini yake, kila mtu kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la kisanii, namba ya simu, kisha safu mbili za asilimia: moja ya utunzi, moja ya rekodi. Kila safu ijumlishwe peke yake hadi 100. Mpiga gitaa aliyelipwa ujira wa siku aandikwe hivyo, kwamba amelipwa na hana asilimia, ili asije akaonewa wala asije akadai baadaye. Saini, kila mmoja apige picha kwa simu yake. Ni kazi ya dakika kumi. Ifanyeni kabla faili halijatumwa WhatsApp.

Kwenye karatasi hiyohiyo iachwe nafasi ya ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12. Rekodi moja, namba moja, iwe imetoka kama singo au ndani ya albamu. Remix inapewa yake. Msanii anayehama msambazaji bila kubeba namba za zamani huweza kukuta hesabu ya usikilizwaji imeanza sifuri. Vivyo hivyo jina la kisanii: leo limeandikwa kwa k, kesho kwa q, na jukwaa linafungua kurasa mbili, mashabiki nusu huku nusu kule.

Biti, yaani midundo ya kuimbia, za kupakua mtandaoni zinahitaji uangalifu wa peke yake. Biti nyingi za bei ndogo ni za kukodi: prodyuza anaiuza hiyohiyo kwa wasanii hata hamsini. Ukishaimbia, usikubali msambazaji akuwekee Content ID, mfumo wa YouTube wa kusaka video zenye sauti yako na kudai mapato yake. Mfumo ule hutambua sauti, hautambui haki. Utasikia biti yako kwenye wimbo wa mwingine na kuudai, naye, au prodyuza mwenyewe, ataudai wako, na fedha ya video zote itazuiwa mpaka mgogoro uishe. Ukitaka Content ID, nunua biti iwe yako kabisa, kwa mkataba unaosema wewe peke yako ndiye utakayeitumia. Soma pia kikomo cha usikilizwaji, maana leseni nyingi za kukodi zinacho, na wimbo ukivuma unakivuka.

Kuhusu YouTube yenyewe: mapato ya matangazo kwa video ndefu ni asilimia 55 kwa mwenye chaneli, na AdSense, mfumo wa Google unaolipa fedha hizo, hailipi mpaka zifike dola 100. Hapo kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni ya Kiingereza. Tuseme chaneli imeingiza dola 300, na kati ya hizo dola 40 zimetokana na watazamaji wa Marekani. Aliyejaza hukatwa asilimia 30 ya zile 40, sawa na dola 12, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Asiyejaza anaweza kukatwa asilimia 24 ya zote 300. Dola 72! Jazeni.

Na wanaouziwa “views”, yaani usikilizwaji wa kununua, kwenye Instagram waache leo. Usikilizwaji wa roboti hufutwa, msambazaji hutozwa faini na huirudisha kwako, na wimbo wenyewe unaweza kuondolewa, pamoja na wasikilizaji halali uliowatafuta kwa jasho.

Maprodyuza, ninyi ndio mna mlango wa studio. Wekeni karatasi za mgao pale pale mezani, karibu na kibodi, na faili la WAV, yaani rekodi yenyewe, lisitoke kabla saini hazijakamilika.

Meneja wa wasanii,
Sinza, Dar es Salaam